Wanasema mfupa umeunga, mbona mama hawezi kukaa juu ya mbuzi?

Bi mshauri, assalamu aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Langoni, Lamu. Naishi na mamangu, ambaye ana miaka 69, pamoja na wanangu wawili. Naomba usitaje jina langu. Mji wetu ni mdogo, habari hupita kichochoroni kabla mwenyewe hajavaa viatu.

Mwezi wa pili mama aliteleza ngazini. Nyumba yetu ni ya zamani, ngazi ni za mawe, na asubuhi hiyo nilikuwa nimezisugua kwa maji. Nilimwambia asishuke mpaka zikauke. Nasema nilimwambia, lakini siku hizi hata sijui kama nilitamka au niliwaza tu. Aliangukia ubavu wa kulia. Nilipomfikia, mguu ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia nje.

Kwetu gari halifiki mlangoni. Vijana wanne walimbeba kwa kiti mpaka gatini, watu wakitazama kutoka barazani, mtandio ukimteleza kila hatua. Kisha boti hadi Mokowe, na barabara yote ile ya Witu na Garsen mpaka Mombasa. Alipasuliwa siku ya tatu. Kaka yangu mkubwa, aliye Maskati, ndiye aliyelipa kilichozidi bima. Wodini alikuwa akioshwa na kijana wa kiume. Mama hajawahi kulizungumza jambo hilo, nami sijamuuliza.

Sasa ni mwezi wa tisa. Anatembea kwa fimbo na anachechemea. Jioni hulia, akidhani simsikii. Ubavu wa kulia haulalii. Anaswali kitini. Kinachomuuma zaidi ni mbuzi ya kukunia nazi. Tangu nipate akili, nazi ya nyumba hii anaikuna yeye. Sasa akikaa tu anainuka, uso umekunjamana. Nilinunua blenda, akakataa kula wali wangu siku mbili.

Mwezi wa saba tulipiga picha hapa Lamu. Daktari aliinua filamu kwenye mwanga, akaitazama muda wa kumeza mate, akasema, "Mfupa umeunga vizuri. Haya mengine ni uzee. Mpe dawa za maumivu." Nikashukuru Mungu. Tangu siku hiyo namnunulia diklofenaki dukani, anameza pamoja na vidonge vyake vya presha.

Usiku nilishindwa kulala. Niliisimamisha filamu mbele ya taa, nikaipiga kwa simu, nikamtumia mtoto wa kaka yangu wa pili, anayesomea kazi ya eksirei Nairobi. Akaniandikia: "Shangazi, kuna bamba pembeni mwa paja lenye skrubu ndogo nne, na skrubu moja nene inayopanda kwenye kichwa cha mfupa. Hiyo nene imerudi nyuma, imetokeza nje. Haikutakiwa kuwa hivyo." Nilimsihi asimwambie mtu. Akamwambia babake. Babake akamwambia kaka mkubwa.

Kaka mkubwa kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Anataka shamba la minazi la mama liuzwe, mama apelekwe Mombasa chuma kitolewe, na ikishindikana India. Mwisho akasema: "Wewe ndiye uliyemwagia ngazi maji." Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mama hajui lolote. Akisikia tu neno Mombasa husema, "Ndia hiyo nishaipita mara moya, yatosha." Yeye mwenyewe kamwita mzee mmoja kutoka Pate, fundi wa viungo, aje Ijumaa aukande mguu na kuuvuta ulingane na mwenzake.

Filamu nimeificha nyuma ya kabati. Nimwamini nani, daktari au mwanafunzi? Na mama nimwambie, au nimwache na imani yake kwamba amepona?

Binti wa Langoni

JIBU

Wa aleikum salaam, binti yangu. Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Kabla ya kushika safu hii nilikuwa muuguzi, na miaka kadhaa niliifanya wodi ya mifupa. Sikuwa daktari, na picha ya mamako sijaiona, kwa hiyo sitakwambia skrubu yake iko wapi. Ninachoweza ni kukupa maswali ambayo madaktari niliowaheshimu waliyauliza kila walipoishika picha kama hiyo.

Ila nianze na Ijumaa, kwa sababu Ijumaa haingoji. Kuipapasa misuli ya mgongo na ya paja kwa mafuta ni jambo moja, na wako wanaopata nafuu. Kuuvuta mguu ni jambo jingine. Ikiwa mfupa haujashikana sawasawa, au chuma kimesogea, au mfupa wenyewe umekuwa mwepesi, kuuvuta na kuuzungusha kunaweza kuuvunja upya. Tena mguu uliofupika kwa sababu vipande vya mfupa vimebonyeana haurefuki kwa kuvutwa hata na mikono ya baraka. Mzee wa Pate apewe kahawa na tende, aombwe asubiri mpaka ijulikane ndani kuna nini. Mengine yote katika jibu hili utayapima mwenyewe. Hili nakuomba ulishike.

Sasa tuje kwenye swali lako. Unaniuliza umwamini nani, kana kwamba mmoja wa hawa wawili amekudanganya. Daktari alisema mfupa umeunga. Mpwa wako alisema skrubu imerudi nyuma. Yasome tena maneno hayo, binti yangu. Hayagombani.

Chuma alichokieleza kijana kinafanana na kile ambacho kimetengenezwa makusudi kiteleze. Lile bamba lina bomba fupi, na skrubu nene hukaa ndani yake. Mgonjwa akianza kukanyaga, vipande viwili vya mfupa husukumana vikabanana, na skrubu hurudi nyuma ndani ya bomba, kama komeo la mlango linavyorudi tunduni. Ndivyo mfupa unavyoshikana. Kwa hiyo kijana huenda kaona kweli kabisa, akakosea kuiita hitilafu. Na daktari huenda kasema kweli kabisa kuhusu mfupa, akasahau kwamba mfupa kuunga na maumivu kuisha ni habari mbili. Skrubu ikirudi sana, mguu hufupika, na ule mwisho wake uliotokeza husuguana na ukanda mgumu unaopita ubavuni mwa paja. Mtu wa namna hiyo picha yake husomwa kuwa nzuri, na bado ubavu huo haulalii.

Nisikutulize kupita kiasi, lakini. Skrubu ina upande wa pili pia wa kwenda. Ncha yake inaweza kupanda, ikakitoboa kichwa cha mfupa na kuingia kwenye kiungo cha nyonga, na hilo si la kungojea. Ndiyo sababu madaktari hupima kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha mfupa, kwenye picha ya mbele na kwenye picha ya ubavu, wakajumlisha. Hupenda jumla isizidi milimita 25. Ncha iliyokaa mbali zaidi ya hapo ndiyo huwatia wasiwasi. Kuna pia mfupa unaoonekana umeunga upande mmoja na kumbe upande mwingine bado kuna ufa, nao mara nyingi umejificha nyuma ya chuma chenyewe. Kuna maambukizi yanayokaa kimya kwenye chuma miezi mingi bila homa, ambayo vipimo vya damu huweza kuyashuku mapema kuliko picha. Na kuna kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu. Hilo huwapata zaidi waliovunjika kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale chini ya kichwa chake, kuliko waliovunjika chini ya shingo hiyo, na linaweza kujitokeza hata baada ya mwaka na zaidi ilhali picha za mwanzo zilikuwa safi. Mamako alivunjika wapi? Jibu limo kwenye karatasi aliyoruhusiwa nayo hospitali. Itafute.

Umeona kwamba picha uliyoipiga kwa simu haiwezi kuyabeba yote haya. Ni ya upande mmoja tu. Taa imechoma sehemu na kuficha sehemu, na simu ikiinama kidogo, skrubu hurefuka au hufupika. Zaidi ya hapo, ni moja. Picha moja inaeleza chuma kilipo siku hiyo. Kimetoka wapi haiwezi kusema. Skrubu iliyorudi nyuma wiki sita za kwanza ikatulia ni hadithi moja, na ile iliyokuwa imetulia mwezi wa nne ikaanza kutembea mwezi wa saba ni hadithi nyingine kabisa, na kwenye filamu yako zote mbili zinafanana. Anayetaka kujua huzipanga kwa tarehe: ya siku aliyoanguka, ya baada ya upasuaji, ya kliniki ya kwanza, na hii. Hospitali iliyompasua inaweza kuwa nazo kwenye kompyuta. Mnaweza kuziomba kwa CD, na anayekwenda kuzichukua si lazima awe mama.

Hili la mwisho liweke karibu, maana nadhani sote, nawe ukiwemo, tumekwenda mbio kumpasua mama upya kabla hata hajapanda boti.

Kuna mtu mmoja ambaye hajaulizwa. Daktari kaitazama filamu, mpwa kaitazama simu, kaka kasikiliza habari za mpwa. Hukuniandikia kwamba kuna yeyote aliyemwambia mama, "Weka mkono wako panapouma." Muulize siku atakapoinuka kwenye mbuzi. Mbuzi ni kiti kifupi kinachoikunja nyonga sana, na kiungo kibovu huchoka mapema hapo. Akishika kinenani, mbele, pale paja linapokutana na tumbo, madaktari hufikiria kiungo chenyewe: ncha ya skrubu, kichwa cha mfupa, au ufa. Akishika ubavuni, juu ya chuma, hufikiria msuguano nilioueleza. Akishika kalioni na maumivu yakateremka hadi mguuni, huenda mgongo nao unahusika, hasa kwa mtu aliyechechemea miezi saba. Akishika goti, msiishie gotini. Nyonga ina desturi ya kulalamika kupitia goti. Muulize pia kama huuma akiwa amelala kimya usiku, na kama hatua za kwanza akiinuka ndizo kali kuliko zinazofuata. Yaandike. Daktari wa mifupa akipewa hayo pamoja na picha nne zilizopangwa, atakuwa na kazi tofauti na yule aliyepewa filamu moja mlangoni na foleni ya watu nje.

Baada ya hapo njia ni zaidi ya zile mbili za kaka yako.

Ikionekana mfupa umeunga na chuma kinasugua tu, kuna wanaokitoa na wakapata nafuu. Kuna pia wanaokitoa na maumivu yakabaki, na mfupa ulioachwa na matundu ya skrubu huwa dhaifu kwa muda, ukaweza kuvunjika kwa kuteleza kidogo. Wengine huchagua kuishi nacho: mazoezi ya viungo ya kuitia nguvu misuli ya ubavuni mwa nyonga, kisigino cha kiatu kikaongezwa kidogo ili miguu ilingane. Ikionekana haujaunga, au kiungo kimeharibika, mazungumzo huwa ya kurekebisha au kuweka nyonga ya bandia. Hiyo ni operesheni kubwa, ngumu zaidi pale ambapo chuma kilishawekwa kabla, na kwa mwenye presha lazima moyo na figo vipimwe kwanza. Imewarudisha wengi kwenye miguu yao. Wako pia ambao hawakurudi walivyokuwa, na hata waliopona vizuri bila tatizo lolote la chuma, wengi hawatembei kama zamani baada ya mwaka. Kaka yako anapaswa kuyasikia haya kabla ya kutaja bei ya minazi.

Wakati mnatafakari, yapo madogo yasiyohitaji boti. Ile diklofenaki ya kila siku pamoja na presha inanitia hofu kuliko skrubu. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, huumiza figo na kutoboa tumbo, na dukani hawakuulizi anameza nini kingine. Mwulizeni daktari dawa nyingine wiki hii, msingoje safari. Fimbo je, anaishika mkono gani? Nyonga ya kulia hupumzishwa na fimbo ya mkono wa kushoto. Na mwanamke wa miaka yake akivunjika nyonga kwa kuanguka hatua chache, mifupa yake huenda ni myepesi, na nyonga ya kushoto ni ya mifupa hiyo hiyo. Ulizeni kuhusu vitamini D, madini ya chokaa na dawa za kukaza mifupa. Mara nyingi chuma kikishawekwa watu husahau kabisa kutibu mfupa.

Na mbuzi ipandishe. Mwite fundi seremala aifunge juu ya benchi la urefu wa kiti cha kawaida, sinia chini yake. Sijui kama mama atakubali, lakini blenda keshaikataa.

Umwambie? Unadhani unamlinda na habari. Mimi najiuliza ni habari gani asiyoijua. Skrubu inalala naye. Anayelia jioni akidhani humsikii anajua fika kwamba hajapona, na huenda naye anakulinda wewe, maana anazijua zile ngazi kama wewe unavyozijua. Ukimwambia, anaweza kuogopa, akafunga mlango kabisa, au akamkimbilia mzee wa Pate. Usipomwambia, anaweza kusikia kwa jirani, kwa mwendo ambao habari hii imeshakwenda kutoka Nairobi hadi Maskati. Kuna njia ya katikati pia: kumwambia tu kwamba watu wawili wameisoma picha tofauti, nawe hujui nani yuko sawa. Na huo ndio ukweli wenyewe ulivyo.

Na anaposema "yatosha", ni nini kinachotosha? Umelisikia kama kukataa upasuaji, na huenda ndivyo. Lakini wewe mwenyewe umenipa kiti kilichobebwa mbele ya baraza na mtandio unaoteleza, kisha yule kijana wa kuosha. Mtu anaweza kuukubali mkasi na akakataa hayo. Safari ya alfajiri kabla baraza hazijajaa, muuguzi wa kike aliyeombwa mapema, wewe kulala naye: haya huombwa, na mara nyingine hupatikana. Na akisikiliza yote kisha akasema hapana, bado ni mguu wake, na bado mna kazi ya dawa na fimbo na benchi.

Zipo dalili chache ambazo hazingoji mashauriano ya familia: akishindwa ghafla kukanyaga, mguu ukifupika au kugeuka tena, homa, kidonda kikitoa maji au usaha, shavu la mguu kuvimba na kuuma, au kifua kubana. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kaka yako. Aliye mbali hutuma pesa na lawama kwa njia moja, kwa sababu hana kingine cha kushika. Hilo halimpi haki. Shamba ni la mama. Kuliuza kabla ya kujua kama kinachohitajika ni kisigino cha kiatu au nyonga nzima ni kushua ngalawa kabla ya kujua maji yanapwa au yanajaa. Mpe kazi: azifuatilie zile picha za hospitali iliyompasua, alipe CD na nauli ya atakayezichukua. Huenda akapungua sauti.

Maji ya ngazini siwezi kuyakausha kutoka hapa. Niliona wagonjwa wa nyonga waliojikwaa kwenye zulia, kwenye paka, kwenye kanga yao wenyewe, na kila kitanda kilikuwa na mtoto pembeni aliyejua hasa kosa lilikuwa lake. Ujumbe ule wa dakika saba, kama bado uko kwenye simu, si lazima uendelee kuwapo.

Filamu itoe nyuma ya kabati leo. Kwa unyevu wa Lamu zikikaa pamoja zinashikana, na ukizibandua, picha hutoka nayo. Iweke kavu ndani ya bahasha yake, na tarehe juu.